Niambie Kilicho Kwenye Picha

Kama haya unasomewa na mtu kwa sababu macho yako yamefungwa bandeji, mwambie asome polepole na asiruke mahali. Nilipokuwa mgonjwa watu waliniruka sana. Walifikiri sitajua. Nilijua kila mara.

Sitaeleza ugonjwa huu unatoka wapi. Daktari wangu mwenyewe aliniambia kwamba mara nyingi hakuna anayejua. Nitaeleza tu ulivyonijia, ulivyokaa, na mambo madogo yaliyonisaidia, kwa sababu maumivu niliyazoea lakini kule kutotulia sikukuzoea kamwe.

Naitwa Hellen. Miaka ile ya mwisho ya tisini nilikuwa karani katika ofisi ndogo mjini Kericho, ofisi ya kikundi cha wakulima wadogo waliokuwa wanapakia chai yao wenyewe na kutafuta wanunuzi ng'ambo. Nyumbani ni Roret. Mume wangu, Wesley, alikuwa na chai kidogo kwenye mteremko, mahindi, na ng'ombe wa maziwa. Tulikuwa na mtoto mmoja, Cherono, aliyekuwa bado hajaanza shule. Mama yake Wesley aliishi nasi katika boma hilohilo, na kwa ajili ya Cherono sote tulimwita Kogo, yaani nyanya.

Mvua ndefu zilikuwa zimeshika. Asubuhi moja nilikuwa nikipiga barua kwenye kompyuta ya ofisi, nikaona herufi zina moshi. Nikatoa leso nikapangusa kioo. Moshi bado. Nikapangusa tena, kisha nikafunika jicho la kulia kwa kiganja, na ile barua yote ikazama kwenye ukungu kama chai ya bondeni alfajiri. Nikafunika la kushoto, barua ikarudi. Nilikaa pale nikifunika hili, nikifunua lile, mpaka mwenzangu wa mapokezi akaniuliza kama nachezea mtu.

Kufikia mwisho wa wiki jicho lilikuwa jekundu na mwanga ulinichoma kama sindano. Nilinunua dawa ya kupaka, ile ya tyubu ndogo. Haikusaidia. Jicho la kulia nalo likaanza. Siku niliyomwaga chai ya moto pembeni mwa kikombe, mbele ya wageni, Wesley aliacha kuchuma akanipeleka hospitali ya misheni kule upande wa Bomet, ambako kulikuwa na daktari wa macho.

Nakuambia mapema, utakaa sana. Kliniki ya macho ina kungoja kwake. Ukishasajiliwa unangoja kusomeshwa herufi za ukutani, kisha unangoja kutiwa dawa inayopanua mboni, kisha unangoja dawa ishike, na ikishashika huwezi kusoma wala kuangalia nje, kwa hiyo hata hicho cha kukupitishia muda kinaondolewa. Watu wamekaa vichwa chini, leso usoni. Wesley alitoka kwenda kunyoosha miguu, akarudi, akatoka tena. Mimi nilivua viatu, nikavivaa, nikavivua.

Nyuma yangu kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akizungumza bila kukoma, sauti ya chini. Mwanzoni alinikera. Lafudhi yake ilikuwa ya watu wa ziwani. Baadaye nilijua anaitwa Mama Atieno na mumewe alikuwa fundi kiwandani, kwenye mashamba makubwa ya Kericho. Mzee huyo alikuwa ametolewa mtoto wa jicho kwenye jicho moja, la pili likingojewa, na yote mawili siku hiyo hayakumfaa kitu.

"Nesi ametoka," alikuwa akisema. "Ana faili mkononi, lakini si yako, yako ni ya kijani. Amerudi ndani. Sasa kuna mzee ameingia na koti ya mvua, anatafuta mahali pa kukaa. Anaangalia hapa kando yako. Sogea kidogo."

Nikasikia benchi likilia, mzee akaketi.

"Anakula ndizi," alisema Mama Atieno.

"Ya kuiva?" mumewe akauliza.

"Imeiva mpaka imekuwa nyeusi."

Mumewe akacheka. Na mimi, macho nimefumba, nilicheka pia, maana nilikuwa nimemwona yule mzee na koti lake na ndizi yake. Kwa wiki nzima sikuwa nimeona kitu sawasawa vile.

Niligeuka nikamwamkua, nikamuuliza ni nani alimfundisha kusema vile.

"Kufundishwa?" alisema. "Mimi namwambia tu kile angeangalia mwenyewe kama angekuwa anaona. Nikimwambia kila kitu, ukuta, dirisha, taa, atachoka na mimi. Nikinyamaza atafikiri nimeenda."

Daktari aliponiita, aliniinamisha kidevu kwenye kile chuma chao, akaangalia kwa muda mrefu. Alisema macho yangu yamewaka moto ndani, yote mawili, la kushoto zaidi. Alisema moto utazimwa lakini ni wa aina ya kurudi. Wesley aliuliza kama nitapofuka. Daktari alisema, "Tutapigana usipofuke," na nikasikia Wesley akishusha pumzi kama mtu aliyejibiwa vizuri. Mimi sikusikia jibu.

Tulirudi na chupa za matone na vidonge vidogo vyeupe.

Wiki za kwanza zilikuwa za matone. Kila saa, tone. Wesley aliziba dirisha la chumba chetu kwa blanketi. Ungefikiri mtu gizani atalala. Vile vidonge vilikataa. Vilinitia mbio mwilini. Nilitembea kutoka kitanda hadi mlango, nikakunja nguo zilizokwisha kunjwa, nikasugua sufuria kwa kupapasa mpaka Kogo akaja kunipokonya. Njaa nayo. Nilikula ugali wa jana saa mbili za asubuhi, na mursik, maziwa yetu ya mgando, juu yake, na kabla ya saa nne natafuta kingine. Nilimfokea mtoto kwa kuburuta kigoda. Nilimfokea Wesley kwa kuvuta pumzi kwa nguvu. Ukipewa vidonge hivyo, waambie watu wa nyumbani kwako mapema kwamba huyo anayefoka ni dawa, lakini usijitetee sana kwa dawa, kwa maana mengine yanakuwa yako.

Kogo alikuwa na maelezo yake. "Ni ile televisheni ya ofisi," alisema. "Umeiangalia mpaka imekula macho. Rudi kwa chai. Chai haijawahi kupofusha mtu."

"Daktari amesema si kompyuta, Kogo."

"Daktari ameiangalia siku ngapi, hiyo kompyuta?"

Ofisini, Bwana Langat, msimamizi wetu, alikuwa ametuma ujumbe kwamba ameweka msichana mwingine anishikie nafasi. Neno "anishikie" nililigeuza-geuza usiku na mchana. Nilimjua yule msichana. Alikuwa mwepesi kwenye mashine kuniliko.

Na Wesley. Hapa ndipo palipoumia kuliko sindano. Si kwamba alinitupa. Alinidondoshea matone bila kukosa, alinishika mkono mpaka chooni. Lakini kila nilichomuuliza, jibu lilikuwa moja.

"Mahindi yako namna gani?"

"Yako sawa."

"Cherono amevaa nini?"

"Nguo."

"Nani amepita barabarani?"

"Watu tu."

Alikuwa mtu wa maneno machache tangu nimjue, na zamani sikujali kwa sababu nilikuwa na macho yangu. Sasa nilihisi nimeolewa na mlango uliofungwa.

Ndugu yangu alikuwa ameoa mwezi wa tano, na mimi nilihudhuria nikiwa na miwani myeusi na kitambaa kichwani. Picha zilipotoka, alituletea moja. Nilimpa Wesley jioni, karibu na moto.

"Nisomee hii picha."

"Picha inasomwa?"

"Niambie kilicho ndani."

Nikasikia karatasi ikigeuzwa. "Ni ya harusi. Mko wengi. Mmependeza."

"Nani yuko wapi?"

"Watu wako pande zote, Mama Cherono."

"Mimi niko wapi?"

"Uko hapo na wengine. Umependeza."

Nilimnyang'anya ile picha nikaitupa. Sikujua imeangukia wapi. Nilisema maneno ambayo sitayaandika. Nilimwambia kwamba yule mama wa kliniki anamwona mumewe kuwa mtu, na yeye ananiona mimi kuwa mzigo wa kubembelezwa. Wesley aliinuka, akatoka. Nilisikia mlango wa zizi.

Aliporudi alikaa mbali. Aliongea kwa Kipsigis, jambo alilofanya akitaka kuwa na uhakika na kila neno.

"Picha ilikuwa imeangukia jivu," alisema. "Imeungua pembe. Nitakuambia. Mstari wa mbele ni maharusi na wazazi. Ndugu yako amesimama kama askari. Wewe uko mwisho upande wa kulia. Kila mtu anaangalia kamera, wewe umeangalia kando, nadhani kulikuwa na mtu amekuita. Miwani imekaa upande. Uso wako umefura, Hellen. Umefura mpaka mama yako mdogo hakukujua, aliniuliza ni nani huyo. Mashavu yamefunika pua. Sikutaka ujue."

Niliweka mikono usoni. Hilo nilikuwa nalijua kwa vidole tangu zamani, yale mashavu ya mviringo na manyoya laini yaliyoota karibu na masikio. Gauni langu la kanisani lilikuwa limekataa kufungwa mgongoni. Alidhani amenifichia. Nikaanza kucheka, kisha nikalia, na machozi yalichoma vibaya kwa ajili ya dawa.

"Na wewe uko wapi?" nilimuuliza.

"Nyuma yako. Nusu ya kichwa tu inaonekana. Nilikuwa nimekushika kiwiko usianguke."

Kuanzia hapo alijaribu. Hakugeuka kuwa Mama Atieno. Alianza kwa shida, kama mtu anayeongea na radio. Tulipokwenda kituo cha kupima majani, alininong'oneza: "Mbele kuna tope, pitia nyasi. Wanawake watatu kwa kivuli. Mmoja anakuangalia sana. Amekuangalia mpaka amesahau kikapu." Nilimgeukia yule mama nisiyemwona nikamsalimia kwa furaha, na kikapu kikaanguka kweli. Tulicheka njia yote.

Kwenye baridi ya Julai walinidunga sindano kando ya jicho. Ni fupi kuliko unavyoogopa. Nesi alinipa kidole chake nikibane. Ilipofika zamu ya jicho la pili nilimwomba kidole hichohicho, naye akasema kimevimba, chukua kingine. Hayo ndiyo yalinifikisha nyumbani siku ile.

Wiki iliyofuata ilikuja mvua ya mawe. Nilikuwa kitandani, bati likipigwa mpaka masikio yakaziba. Ilipokwisha kukawa kimya, nikamsikia Wesley akitoka, akikaa huko muda mrefu, kisha akisimama mlangoni bila kuingia.

"Iko namna gani?" niliuliza.

Nilingoja ile "sawa" yake. Nilijua ina haki ya kuja. Nilikuwa mgonjwa, na daktari alikuwa amemwambia nisisumbuliwe.

"Upande wa juu hakuna jani," alisema. "Ni vijiti. Chini yake ardhi ni ya kijani na nyeupe, majani na barafu pamoja. Huku bondeni miti iliikinga kidogo. Mahindi yamelala yote kuangalia upande wa Sigor. Kuku mmoja amekufa. Cherono anaokota barafu anakula."

Nikainuka, nikamwambia anipeleke. Alinipeleka nikiwa na kitambaa machoni, nikashika vile vijiti kimoja baada ya kingine, naye akinitajia. Tulipoteza majani ya miezi. Hata hivyo nilirudi nyumbani nikiwa mtu mzima wa nyumba, aliyeambiwa hasara yake. Usiku ule nililala mpaka asubuhi.

Vidonge vilipunguzwa kidogo kidogo. Usiviache ghafla hata ukivichukia. Kila dozi iliposhuka niliogopa, kila kope ilipowasha nilikimbilia kioo na kuvuta jicho. Kufikia ukame wa Desemba uso ulikuwa umeanza kurudi na jicho la kulia likasafika. La kushoto lilikuwa limefanya mtoto wa jicho, kwa ule moto na kwa zile dawa zenyewe. Walingoja litulie, wakanipasua Februari. Daktari aliniambia kweli kabla: mwanga utapata, sura labda, kusoma hapana. Ndivyo ilivyokuwa. Bandeji ilipotoka niliona mkono wake ukipita, mkubwa, bila vidole.

Mvua zilipoanza tena nilirudi Kericho. Kogo hakuniaga.

Yule msichana alikuwa kwenye kiti changu, na kweli alikuwa hodari. Bwana Langat alinikaribisha kwa heshima nyingi, nikajua hana kazi ya kunipa. Alinizungusha kwenye mafaili, akaniagizia chai. Kisha akakumbuka kitu.

"Kuna hii mambo ya intaneti," alisema. "Wenzetu wa Nairobi wametutengenezea kurasa. Wanunuzi wa nje wataziona. Sasa huyo kijana, Njoroge, anasema kila picha inataka maneno yake. Mimi sielewi. Picha si inaonekana?"

Njoroge alinieleza kwa simu. Chini ya kila picha kwenye ukurasa kuna nafasi iliyofichwa inayoitwa alt. Unaandika maneno humo. Laini ya simu ikiwa polepole, na yetu ilikuwa ya kutambaa, maneno hutangulia na picha hufuata baadaye au isifuate kabisa. Mitambo ya kutafutia, ile ambayo mtu anaiandikia anachotaka nayo inamletea kurasa, haioni picha hata kidogo. Inasoma maneno tu.

"Na kuna vipofu," aliongeza, kama mtu aliyesahau chumvi. "Huko nje wana kompyuta za kuwasomea kwa sauti. Zikifika kwa picha zinasoma hiyo alt."

Nilikuwa nimesimama. Nikavuta kiti nikakaa.

"Umeandika nini sasa?" nilimuuliza.

Alichekelea. Nyingine alikuwa amezipa namba. Nyingine alikuwa ameandika neno chai na neno Kenya na neno bora, tena na tena, mstari mzima, ili ule mtambo wa kutafutia uzione haraka.

Nilimwomba yule msichana wa kiti changu anisomee kurasa hizo huku nimefumba macho. Alisoma: picha moja, picha mbili, chai Kenya chai bora chai Kenya. Nikahisi lile blanketi la dirishani limenifunika upya. Nilikuwa pale pale kwenye "mmependeza".

Kwa hiyo nilianza kuziandika. Zilikuwa picha nyingi, zimepigwa Roret, Litein na kwenye ghala letu. Niliandika kwa Kiingereza kwa ajili ya wanunuzi, lakini niliwaza kwa sauti ya yule mama wa benchi. Nani yuko, anafanya nini, mtu angeangalia nini kwanza. "Mwanamke akichuma chai kwenye mvua, kikapu mgongoni, mkono mmoja umejaa majani mawili na kichipukizi." Picha ya pakiti niliandika maneno yaliyoandikwa kwenye pakiti. Na ule mstari wa mapambo uliogawa ukurasa niliuacha mtupu, maana hakuna mtu angeuangalia.

Njoroge alipiga simu amekasirika kidogo. "Madam, unaandika hadithi. Mtambo wa kutafutia hautaki hadithi."

"Mtu akitafuta wanawake wanaochuma chai Kericho atapata nini kwako?"

"Chai bora."

"Na kwangu?"

"Atapata hiyo," alisema. "Lakini fupisha. Kompyuta ya kusoma haina huruma, itamsomea yote."

Alikuwa amesema kweli, nikafupisha. Tulibishana hivyo kwa wiki kadhaa, mimi nikiongeza, yeye akipunguza, na nadhani tulielewana.

Picha zikiwa zimebaki chache, jicho la kulia liliamka jekundu.

Huo ndio wakati mbaya kuliko wote, mbaya kuliko mwanzo, kwa sababu sasa nilijua njia yote. Na jicho hilo ndilo nililokuwa nimebaki nalo. Kogo alisema, "Si nilikuambia," na hakusema kwa ubaya, alikuwa analia. Daktari alinirudisha kwenye vidonge, akasema tena kwamba si kompyuta. Dirisha likazibwa. Zile mbio zikarudi, nikaanza kutembea kitanda hadi mlango, nikiwaza picha zilizobaki, msichana atakayezimalizia kwa namba, Bwana Langat atakayeona sasa basi.

Wesley alikwenda Kericho bila kuniambia. Alirudi na bahasha ya zile picha. Akaketi kitandani, akawasha tochi akaielekeza mbali nami.

"Haya," alisema. "Andika kichwani. Mimi nitaandika kwa karatasi."

"Huwezi, utaniambia watu tu."

"Jaribu."

Tulizifanya zote. Alieleza, nikamuuliza, akaangalia tena. "Mzani. Kuna karani ameinama anasoma namba. Mwanamume mwenye kofia ya sufu amening'iniza gunia la majani kwa ndoano. Nyuma kuna foleni, wengi ni wanawake. Hapana, ngoja, mmoja ana mtoto mgongoni." Nilikata maneno, nikayapanga, akayaandika kwa zile herufi zake kubwa za darasa la saba. Nilikaa mahali pamoja muda wote huo. Sikujua nimekaa mpaka mguu ulipokufa ganzi.

Yule msichana ndiye aliyeyapiga kwenye kompyuta, bila kubadilisha neno. Namshukuru hadi leo.

Moto ule wa pili ulikuwa mwepesi kuliko wa kwanza. Ulizimika kabla ya baridi kwisha. Umerudi tena tangu hapo, na nina hakika utarudi, na kila asubuhi bado nafunika jicho moja, kisha la pili, kabla sijawasha jiko. Hilo sijaliacha na sikudanganyi kwamba utaliacha. Kazi niliendelea nayo. Bwana Langat alinipa maneno yote ya zile kurasa, na msichana akabaki na barua, tukagawana meza moja.

Siku niliyorudi ofisini mara hiyo, msichana alinifungulia kurasa zetu nizione. Laini ilitambaa. Maneno yalikuja kwanza, katika visanduku vitupu, nikayasoma kwa jicho langu moja nikisogeza pua karibu na kioo. "Mwanamume mwenye kofia ya sufu akipimiwa majani, Roret." Kisha picha ikaanza kushuka juu ya maneno, mstari kwa mstari. Kofia. Paji la uso. Niliijua ile kofia, niliifuma mwenyewe. Halafu macho, kisha yale masharubu.

Jioni nilimuuliza, "Mbona hukuniambia ni wewe?"

Wesley alikuwa anakamua. Hakuinua kichwa. "Uliuliza nini iko kwa picha. Nikakuambia. Mwanamume."

Kesho yake nilifuta neno hilo. Nikaandika: "Wesley Kimeto akipimiwa majani, Roret." Njoroge hakuchelewa kupiga simu.

"Madam, hilo jina ni la nini? Nani duniani atalitafuta hilo?"

"Mimi," nilimwambia.